Manung'uniko ya Wajane na Kazi ya Shemasi



Sisi mashemasi tulitumwa kuzunguka katika vikundi vya maombi vya nyumbani, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, kuuliza waamini: kikundi chenu kinaendelea namna gani, na nini kibadilishwe? Mbele ya kuanza, mzee mmoja wa kanisa alitusimamisha. Alisema: "Sisi ni kanisa la Roho. Roho anatuongoza kwa unabii na maono. Maoni ya watu ni ya nini tena? Israeli hawakupigwa jangwani kwa sababu ya manung'uniko?"

Swali hili si la mchezo, na lilitusumbua siku nyingi. Jibu tulilipata pale kazi yetu wenyewe ilipoanzia, Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku, na watu wao wakanung'unika. Angalieni vizuri: mitume hawa ndio walioshukiwa na ndimi za moto siku ya Pentekoste. Katika sura ya 5 Petro alijua siri ya Anania na Safira pasipo kuambiwa na mtu. Lakini habari ya sahani ya mjane hakufunuliwa, ilibidi aambiwe. Na mitume hawakutafuta nani amesema. Waliita mkutano, watu saba wakachaguliwa. Basi shemasi anayechukia manung'uniko anachukia tumbo lililomzaa.

Na wale wa jangwani? Wao walitamani samaki na matango ya Misri, walitaka kurudi utumwani. Mjane alitaka sehemu yake tu. Hata binti za Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wamesema haki.

Tukaondoka na kaye na biki. Tunakiri kwamba safari ya kwanza tulishindwa. Tuliuliza mbele ya kiongozi, ndani ya nyumba yake, na watu wakajibu: "Yote ni mazuri, tunamshukuru Mungu." Tukajaza kurasa nne za "mazuri". Kiisha mama mmoja muuza ndagala akatuambia njiani: "Baba shemasi, mnatuuliza mkiwa mmeshika biki, na mwenye nyumba anatuangalia. Nani atasema?"

Neno lake lilituchoma. Katika nchi yetu kunyamaza kuna sababu. Waliomfuata nabii Simon Kimbangu, tangu alipokamatwa mwaka 1921 mpaka serikali ya Wabelgiji ilipolitambua kanisa lao mwaka 1959, walisali kwa kujificha, na wengi walihamishwa mbali na kwao. Siku zile "nani amesema?" lilikuwa neno la polisi. Haifai liwe neno la shemasi.

Mara ya pili tulikwenda wawili wawili, baba na mama, kwa mtu mmoja mmoja: sokoni, nyumbani, pale mitumbwi inapotua. Hatukuandika jina. Ndipo maneno yakatoka. Wavuvi walisema saa ya maombi ni saa kumi na mbili jioni, nayo ndiyo saa wanayoingia ziwani na taa. Wanaweza kuja tu siku za mwezi mkubwa, wakati ndagala hawavuliwi. Wajane walisema sadaka inasomwa kwa majina, na asiye na kitu anaona heri abaki nyumbani. Lililotuumiza zaidi ni la wale waliopoteza nyumba katika mafuriko ya mto Mulongwe, mwezi wa Aprili 2020. Walihamia kartie nyingine, na katika daftari letu tuliwaandika "wameacha maombi". Hakuna aliyekwenda kuwatafuta. Sisi wenyewe tuliandika hivyo.

Sasa sadaka inatiwa katika kikapu kilichofunikwa, na wavuvi wanakutana siku ya Mungu mchana. Hayo yalikuwa mepesi. Jibu moja lilikuwa gumu: "Kiongozi akisema Roho ameniambia, nani anaweza kukataa?" Tulilisoma mbele ya komite, pamoja na 1 Wakorintho 14, pale Paulo anapoagiza manabii wawili au watatu waseme na wengine wapime. Viongozi wawili walikasirika, wakauliza neno hilo limetoka kikundi gani. Tuliwajibu kwamba hatukuandika.