Je, Kukutana kwa Mambo Mawili Kwatosha Kuwa Hoja?

Dira ya baharia huelekeza sindano yake kaskazini. Lau dira hiyo ingalikuwapo miaka 800,000 iliyopita, sindano ingalielekea kusini. Hii si hekaya. Mwaka 1906 Bernard Brunhes alikuta nchini Ufaransa mawe ya volkeno ambayo usumaku wake umepinduka, na mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha ya kuwa mawe ya namna hiyo ni ya zama maalumu. Leo imethibitika kwamba ncha za sumaku za dunia zimebadilishana mahali mara nyingi sana, na mara ya mwisho ilikuwa yapata miaka 780,000 iliyopita.

Habari hii imeandikwa hata katika matope ya vilindi vya bahari, kwani chembe za chuma zinapotua chini hujipanga kama sindano ndogo za dira. Na katika matope hayo hayo yamezikwa magamba ya radiolaria, viumbe vidogo mno visivyoonekana vizuri ila kwa hadubini. Mwaka 1971 Mmarekani James Hays alitangaza kwamba katika miaka milioni mbili na nusu iliyopita aina nane za radiolaria zilitoweka, na sita katika hizo zilitoweka karibu na nyakati za kupinduka kwa sumaku. Kabla yake, mwaka 1963, Robert Uffen wa Kanada alikwisha kufikiri kwamba ngao ya sumaku inapodhoofika, miali kutoka angani yaweza kudhuru viumbe.

Sita kati ya nane! Mhubiri mwenye haraka angeishika hesabu hii na kupaza sauti: tazameni jinsi Mungu aangamizavyo! Lakini je, ni halali kwetu kufanya hivyo?

Tuchunguze kwanza. Sumaku inapodhoofika, hewa iliyo juu yetu bado huzuia sehemu kubwa ya miali, na maji ya bahari huzuia zaidi; na radiolaria wengi huishi mbali chini ya uso wa maji. Tena sumaku imepinduka mamia ya mara, na mara nyingi hakuna maangamizi makubwa yaliyoonekana.

Kisha tazama Gubbio, Italia. Walter Alvarez alikwenda huko kusoma mapinduko ya sumaku katika miamba ya chokaa, akakuta tabaka jembamba la udongo ambalo juu yake karibu foraminifera wote waliokuwa wakielea baharini wamekwisha. Mwaka 1980 yeye, baba yake Luis na wenzao walieleza kwamba udongo ule una madini ya iridi kwa wingi usio wa kawaida, dalili ya jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani. Baadaye shimo lake lilitambuliwa huko Chicxulub, Meksiko. Umri wake ni miaka milioni 66. Na sumaku? Ilikuwa imekwisha kupinduka mamia ya maelfu ya miaka kabla ya kishindo kile. Mtu aliyekwenda kutafuta habari za sumaku alirudi na habari za jiwe, kwa sababu alikubali kuongozwa na alichokiona.

Wewe unayeichunguza dini utaletewa hoja nyingi za namna ya sita kati ya nane, na baadhi yake utaletewa na watu wema. Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israili, aya ya 37, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, wala haikusema kwamba katazo hilo huondoka pale dhana inapoipendeza dini yetu. Sisi tunaamini kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani. Basi anayeisingizia kazi Yake, ingawa kwa nia ya kulitetea neno Lake, amevikosea vyote viwili.

Na liko jambo ambalo mhubiri yule angelisahau. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 16, yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka kwanza apeleke Mtume. Radiolaria hawakuonywa na yeyote, wala hawakumkanusha yeyote. Kwa hiyo, vyovyote iwavyo sababu ya kutoweka kwao, iwe baridi, iwe njaa, au jambo lingine ambalo matope bado hayajalitoa, kifo chao hakikuwa adhabu.