Gorogoro Yangu na Ushuhuda Wangu



Mwaka wa 2016 niliombwa kutoa ushuhuda katika semina ya akina mama wafanyabiashara. Kichwa nilichopewa kilikuwa jinsi Bwana alivyoniinua sokoni. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilianza kuuza mahindi na maharagwe hapa Nakuru mwaka wa 2009 nikiwa na gunia moja na turubai ya kutandika chini, na sasa nilikuwa na kibanda chenye mlango wa chuma, stoo ya kukodisha na kijana wa kunibebea magunia. Wiki moja kabla ya semina nikaketi usiku na madaftari yangu ili niandike namba, maana nimeona tunavyopenda namba kwenye ushuhuda. Ati nilianza na hii, nikafika hii, Mungu ni mwema.

Namba zikakataa.

Wacha nieleze kwa wale hawajawahi kuuza nafaka. Gunia la mahindi ni kilo 90. Gorogoro, ule mkebe wetu wa kupimia, tunahesabu kwamba inabeba kilo mbili, kwa hivyo gunia linatoa gorogoro 45. Wakati huo gunia lilikuwa likinifikia kwa shilingi 3,200. Nikiuza gorogoro kwa 80, napata 3,600. Hapo kuna 400. Toa mkokoteni, toa ushuru wa soko, toa yaliyoliwa na wadudu na yaliyomwagika, unabaki na 200 ukibahatika. Kwa magunia manne kwa wiki, pesa hiyo haisomeshi watoto wawili, ilipe nyumba na bado uweke kwa chama. Lakini mimi nilikuwa nimefanya hayo yote. Pesa ilitoka wapi?

Nilijua ilikotoka. Gorogoro yangu ilikuwa imegongwa kitako. Mama aliyenionyesha soko siku za kwanza ndiye aliyenipeleka kwa fundi wa jua kali, na fundi akaigonga kwa nyundo mara tatu nne mpaka kitako kikaingia ndani. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Kutoka kilo mbili ikawa kilo moja na gramu 800, na gunia langu likaanza kutoa gorogoro 50. Zile tano za juu ni shilingi 400 zingine. Yaani nyundo ilikuwa ikiniletea mara mbili ya kile biashara yenyewe ilikuwa ikileta. Na nilikuwa nimeokoka. Nilikuwa natoa fungu la kumi kila mwezi bila kukosa, na hilo fungu pia lilitoka kwa gorogoro ile ile.

Kuna kitu kilinisumbua zaidi ya hesabu. Ni nyongeza. Mnajua desturi yetu: ukishapima, unachota kiganja kimoja unaongeza juu, mteja anafurahi. Mimi nilikuwa na mkono mkubwa wa nyongeza, nilijulikana kwa hiyo. "Mungu akubariki, mama." Nimeambiwa hivyo mara ngapi? Kiganja changu sidhani kilifika gramu 60. Nilikuwa nimeshamtolea 200 kabla hajafungua mfuko, halafu namrudishia kidogo kama zawadi, naye ananiombea. Nikajiuliza kama sadaka zangu nazo hazikuwa hivyo hivyo.

Usiku ule nilisoma Amosi 8. Nilikuwa nimeisoma zamani lakini haikuwa imenisoma. Nabii anawasema wafanyabiashara wa nafaka, watu wa kuhudhuria ibada, ambao wanaketi sabato wakihesabu saa iishe ili wakauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa na bei iliyoongezwa. Wako ndani ya ibada na akili iko stoo. Jumapili ngapi nimeketi hivyo, mikono juu, nikiwaza lori la Kitale litafika saa ngapi!

Sasa, swali lenyewe ambalo nimelibeba tangu siku hiyo ni hili: mtu akisema "Mungu ameniinua," na sehemu ya kuinuliwa huko ni gramu 200 za jirani, anasema ukweli? Nisingekuwa nimesema uongo wowote pale mbele. Niliomba, ni kweli. Nilifunga, ni kweli. Niliamka saa kumi usiku nikalala saa tano, kweli tupu. Ningeacha tu kusema gorogoro. Nadhani shuhuda nyingi zetu za biashara zina gorogoro yake mahali, na kila mwenye nayo anaijua.

Niliwaambia akina mama wawili wa maombi. Walinipenda, kwa hivyo walinitetea. Mmoja akasema kila mtu sokoni amegonga, wateja wenyewe wanajua, kwa hivyo hiyo ni kama bei tu. Hoja hiyo si ya kipumbavu, nimeifikiria sana. Kama sote tunajua gorogoro ya soko ni kilo moja na 800, nani amedanganywa? Lakini basi mbona nilikuwa nikiishika kwa chini, kiganja kikifunika kitako? Mbona maafisa wa vipimo wakionekana tulikuwa tunaingiza mikebe chini ya magunia? Hakuna anayeficha bei. Bei tunaiandika kwa kadibodi na kuichomeka juu ya mahindi.

Yule wa pili akanipeleka 2 Wakorintho 5, kuhusu kuwa kiumbe kipya. Ati Mungu ameshasahau, mbona wewe unakumbuka? Hapo nilitaka sana kukubali. Lakini kuna Zakayo, Luka 19. Zakayo alisimama akataja pesa, akataja na kiwango, mara nne, na baada ya hapo ndipo Bwana akasema wokovu umefika nyumbani mwake. Simaanishi aliununua. Yesu alikuwa ameshaingia kwake bila kudai shilingi. Ila sioni mahali Bwana alimwambia, "Keti, Zakayo, nimeshasahau." Aliacha watu walipwe. Msamaha wa Mungu niliupata, nina hakika nao, lakini yule mama wa Rhonda aliyepika ugali ukapungua hakuwa ameulizwa chochote. Nilipiga hesabu ya nyumba inayonunua gorogoro tatu kwa wiki: kwa mwaka ni zaidi ya kilo 31, theluthi ya gunia. Nilikuwa nimekula theluthi ya gunia la watoto wake.

Nikaenda kwa mchungaji na wazo ambalo nililiona zuri. Watu wengi walionunua kwangu siwajui, walikuwa wapita njia. Hesabu sura ya 5 inasema aliyekosea arudishe chote na aongeze sehemu ya tano, na kama hakuna wa kurudishiwa, iende kwa Bwana kwa mkono wa kuhani. Kwa hivyo nilete pesa kanisani, tujengee choo cha shule ya Jumapili. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Hakuna hata mmoja unayemjua?" Nikasema hakuna. Akaniuliza tena kama huwa nakopesha.

Wapendwa, nilihisi miguu ikiisha nguvu. Zakayo labda alikuwa na orodha ya watoza ushuru. Mimi nilikuwa na daftari la madeni. Majina 31, tarehe, gorogoro ngapi, amelipa au bado. Nililiweka ili nikumbuke wanachonidai... hata mkono unakataa kuandika, nilitaka kusema ninachowadai. Na wanaokopa mahindi ni nani? Si wenye pesa. Wale wa chini kabisa ndio walikuwa na majina kwenye daftari langu, na kila mstari ulikuwa umepimwa kwa mkebe uliobonyezwa. "Anza na hao," mchungaji akasema. "Choo kitangoja."

Hesabu ni rahisi: kwa kila gorogoro kumi nilizouza, moja niliiba. Ongeza sehemu ya tano. Nikaanza kuzunguka na mahindi kwa mkokoteni, jioni, kwa sababu mchana nilikuwa naona aibu.

Wengi walicheka. Wengine walidhani ni mambo ya siasa, uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mzee mmoja alikataa kabisa, akasema mahindi ya bure yana masharti. Lakini kuna mama mmoja lazima nimwandike. Huyu nilikuwa nimemfokea mwaka wa 2014 kwenye foleni ya posho mill, mbele ya watu, kwa deni la shilingi 240. Nilimwita mwizi. Nilipofungua ukurasa wake nikaona kwamba kufikia siku hiyo alikuwa amechukua kwangu gorogoro 60. Kwa hivyo nilikuwa na gorogoro zake sita. Shilingi 480. Siku niliyomfokea, mimi ndiye niliyekuwa na deni.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Hakushangaa. "Tulikuwa tunajua," akasema. "Ningeenda kununua wapi?" Halafu akaangalia mfuko wa mahindi, akauvuta ndani kwa mguu, akaniambia: "Haya nitachukua. Lakini ile siku ya posho mill, hiyo hujaweka kwa hesabu."

Sikuwa na jibu. Gramu zinapimika, unazirudisha na sehemu ya tano juu. Kumwita mtu mwizi mbele ya majirani zake ni kilo ngapi? Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema nirudi pale pale, Jumamosi, foleni ikiwa ndefu. Nikaenda. Nilisema kwa sauti kwamba mwizi nilikuwa mimi. Hakunikumbatia, wala hakusema amenisamehe. Alisaga mahindi yake akaenda nyumbani. Sijui kama amenisamehe hadi leo, na nimekubali kwamba hilo si la kudai, ni lake.

Semina nilienda. Nilizungumza dakika nne. Amina zilikuja zimechelewa na zilikuwa chache. Baadaye, nje, dada mmoja alinikasirikia kabisa: nimeharibu soko, sasa wateja wataanza kupindua mikebe yetu. Nilimwelewa. Ana watoto wanne na hana mume wa kumsaidia, na mimi nilisema hayo nikiwa tayari nina mlango wa chuma. Hapo ana neno, na silikwepi. Lakini wengine watatu walinivuta kando mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kuniuliza kama mkebe uliobonyezwa unaweza kunyooshwa. Unaweza. Fundi yule yule.

Sasa nisije nikawadanganya upande ule mwingine. Mara nyingi ushuhuda wa namna hii unamalizika kwa kusema nilipotii, Bwana akanirudishia mara mia. Mimi haikuwa hivyo. Niliacha gorogoro, nikanunua mizani, nikaipeleka ikapigwa muhuri kama Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inavyotaka, nikaanza kuuza kwa kilo. Bei yangu ikaonekana ghali kwa sababu watu wanalinganisha mkebe na mkebe. Wateja wakapungua. Halafu mwaka wa 2017 mahindi yakaadimika nchini, serikali ikaleta ule unga wa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili, na mimi nilikuwa nimenunua stoki ghali. Nikaachilia stoo. Kijana wangu ilibidi atafute kazi kwingine, na hilo linaniuma kwa sababu yeye hakugonga mkebe wowote.

Leo nina kibanda tu. Faida yangu ni ndogo, lakini nikiiandika kwenye daftari najua kila shilingi ilikotoka. Nalala. Kwenye semina tunafundishwa kuhusu mtaji, kujiamini na kutafuta soko, na hayo ni mambo mazuri, niliyahitaji na bado nayahitaji. Ila sijasikia tukifundishwa namna ya kupungua. Kuna mwezi nililia kwa sababu nilihisi Mungu ameniacha, kumbe ni biashara tu ilikuwa inarudi kwa ukubwa wake.

Katika majina 31 nimewafikia 22. Watatu wamefariki, nikawapa watoto wao. Sita sijawapata. Wawili walirudi mashambani kwao, mmoja ni wa ploti ambayo imebomolewa, na wengine niliwaandika kwa majina ya utani tu, hata sikumbuki sura.

Ndiyo maana nimeomba nafasi hii kwenye jarida letu. Kama ulikopa mahindi au maharagwe kwangu kati ya 2009 na 2016, au unamjua aliyekopa, nitafute baada ya ibada ya pili, huwa nabaki kupanga viti na akina mama. Au njoo sokoni, niko pale pale kwenye mstari wa nafaka. Kama ulinunua kwa pesa taslimu na jina lako haliko, njoo pia, tukumbuke pamoja. Sitakuuliza risiti.