Babu Zetu Wasiobatizwa Wako Wapi?

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapokaribia na vitabu vya kuandikia majina ya marehemu vinapowekwa makanisani, swali moja hurudi. Watoto huliuliza katika mafundisho, wakatekumeni wazee huliuliza pia, na mara nyingi kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu: Babu zetu waliokufa kabla hawajalisikia jina la Yezu wako wapi? Twapenda kulijibu leo kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo, maana si swali la udadisi tu. Wapo wazee waliokaa miaka mingi kizingitini pa kanisa, sala zote wamezishika, na bado wanakataa ubatizo kwa sababu hii moja: hawataki kwenda mahali ambapo mama yao hayupo.

Tena si swali la Waafrika peke yao. Katika pwani ya nchi iitwayo leo Uholanzi alitawala zamani Radbod, mkuu wa Wafrisia, aliyefariki mwaka 719. Husimuliwa katika maisha ya Mt. Wulfram kwamba Radbod alikuwa amekwisha kutia mguu mmoja katika maji ya ubatizo, akasita, akauliza wakuu waliomtangulia wako wapi. Akajibiwa kwamba wamepotea. Basi akautoa mguu, akasema kuwa ni afadhali kukaa na jamaa zake kuliko kukaa mbinguni na maskini wachache asiowajua. Wataalamu wa historia wana shaka na kisa hiki, nasi hatukitegemei. Lakini yeyote aliyekitunga aliijua mioyo ya watu. Habari ya Mt. Fransisko Ksaveri haina shaka. Katika barua yake ya Januari 1552 alieleza jinsi Wakristu wapya wa Japani walivyolia walipomwuliza kama sala na sadaka zaweza kuwafaa wazee wao waliokufa. Aliwajibu kwamba hakuna la kuwafaa, na mwenyewe aliandika kwamba alikaribia kutokwa na machozi kwa kuwaona wanavyoumia.

Je, jibu la mtakatifu huyo ndilo jibu la Kanisa? Hapana budi tutazame kwanza maneno tunayotumia.

Katika Kanuni ya Imani twasadiki kwamba Yezu, baada ya kufa na kuzikwa, alishukia kuzimu. Wengi husikia neno hilo wakafikiri jehanamu. Sivyo. Jehanamu ni neno lililotujia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Kiebrania, jina la bonde lililo karibu na Yeruzalemu; nalo ni mahali, au tuseme hali, ya waliomkataa Mungu kwa kusudi mpaka mwisho. Kuzimu ni neno letu wenyewe, ndugu wa neno mzimu, na Wanyarwanda nao wana ikuzimu yao. Ni makao ya wafu kama wazee wetu walivyoyafahamu: chini, penye giza, wema na wabaya pamoja. Waebrania waliyaita Sheoli, na Wagiriki Hadesi. Waliotafsiri Kanuni kwa Kiswahili hawakukosea kulichukua neno hilo; na sisi twaona kwamba walifanya zaidi ya kutafsiri. Walituambia kwamba Kristu aliingia katika nchi ile ile ambayo babu zetu waliiogopa na kuitaja kwa minong'ono.

Alikwenda kufanya nini huko? Mt. Petro, katika waraka wake wa kwanza, anasema kwamba alizihubiria roho zilizokuwa kifungoni, na kwamba Injili ilihubiriwa hata kwa wafu. Kanisa linafundisha kwamba hakushuka ili awatoe waliohukumiwa, wala ili aiharibu jehanamu. Alishuka kuwafungulia wenye haki waliomtangulia. Na hao walikuwa akina nani? Abrahamu hakubatizwa. Musa hakubatizwa. Ayubu, ambaye Maandiko yanamsifu kwa haki yake, hakuwa hata mtu wa Israeli.

Hapo mtu atatushika: hao waliishi kabla ya Kristu, lakini babu zetu walikufa baada yake! Ni kweli kwa hesabu ya kalenda. Lakini mapadre wa kwanza wa Bagamoyo walifika mwaka 1868. Kwa mtu wa Unyanyembe aliyekufa mwaka 1800, Kristu alikuwa amekwisha kuzaliwa Betlehemu, lakini masikioni mwake alikuwa bado. Zamani wanateolojia wengi wa Ulaya walidhani kwamba Injili imekwisha kufika karibu kila pembe ya dunia, na kwamba asiyeamini amekataa mwenyewe. Safari za baharini tangu mwaka 1492 ziliwaonyesha mataifa mengi ambayo hayakukataa kitu, kwa kuwa hayakuletewa kitu. Ksaveri aliishi kabla mawazo hayo hayajakomaa. Hata hivyo Mt. Toma wa Akwino alikwisha kufundisha katika karne ya 13 kwamba mtu aliyelelewa porini, akifuata akili yake katika kutenda mema, Mungu hatamwacha bila kumpatia yanayohitajiwa kwa wokovu. Papa Pio IX aliandika jambo la namna hiyo mwaka 1863 juu ya wasioijua dini ya kweli bila kosa lao. Na tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa, ulitamka wazi kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kutenda kama dhamiri inavyowaambia, waweza kuupata wokovu, si kwa nguvu zao bali kwa neema. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 18 Oktoba, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Mashahidi wa Uganda, na mmoja wao, Mukasa Kiriwawanvu, aliuawa akiwa mkatekumeni, kabla maji ya ubatizo hayajamgusa. Mungu ametuagiza sisi tubatize. Yeye mwenyewe hakufungwa mikono na agizo hilo.

Basi wapo wanaorukia upande wa pili na kusema: babu zetu wote walikuwa watu wema, wote wako mbinguni. Tusidanganyane. Dhamiri yaweza kukataliwa na asiyebatizwa kama inavyokataliwa na aliyebatizwa. Wapo katika wazee wetu waliogawana chakula cha mwisho na mgeni. Wapo pia waliowauza watoto wa jirani kwa misafara iliyoshuka pwani, na usiku walilala wakijua walilolitenda. Anayesema wote wamepotea na anayesema wote wameokoka, wote wawili wamejikalisha katika kiti cha hakimu. Sisi tunaijua njia ya hukumu, na ya kuwa Hakimu ni mwenye huruma. Hukumu ya mtu mmoja mmoja hatukuambiwa.

Lakini yule mzee wa kizingitini bado hajajibiwa, maana atasema: kama hamjui, mimi nitabaki upande wa mama yangu, popote alipo. Mzee wetu, twakuomba ufikiri nasi. Chukua kwanza kwamba mama yako ameokoka kwa neema ya Kristu ambaye hakulijua jina lake. Sasa analijua. Atapenda umkimbie huyo aliyempokea? Chukua sasa neno zito zaidi, kwamba amepotea, Mungu apishie mbali. Kumbuka tajiri wa Injili aliyekuwa katika mateso, wakati Lazaro alipokuwa kifuani mwa Abrahamu. Hakuomba ndugu zake watano waje wamliwaze. Aliomba waonywe, wasije wakafika mahali pale. Kwa hiyo, ama mama yako yuko huku ama yuko kule, neno lake kwako ni moja: ingia. Kukaa nje hakumfaidii yeye kitu. Tena wewe huna udhuru aliokuwa nao yeye. Yeye hakusikia, na wewe umesikia.

Na sala, je? Hapa twafurahi kusema kwamba Wajapani wale wangepata leo jibu jingine. Sala ya Nne ya Ekaristi, iliyotolewa mwaka 1968, inawaombea marehemu wote ambao imani yao imejulikana kwa Mungu tu. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 901, inampa padre ruhusa ya kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, awe hai au marehemu. Haisemi aliyebatizwa tu. Si tambiko hilo. Katika tambiko mtu humwogopa marehemu na kumpa kitu ili asidhuru. Katika Misa humwombea kwa Mungu, kwa kuwa anampenda na hana la kumwogopa.

Tunasikia kwamba hapa na pale mwandikaji wa kitabu cha marehemu hukataa jina lisilo la Kikristu, au humshauri mjukuu ambandike babu yake jina la Petro au Yohani, ili lipendeze likisomwa. Halina haja hilo. Andikeni jina lake lile lile alilopewa na wazazi wake, ambalo Mungu alimjua kwalo.