Kaimu wa Kudumu

Mwalimu ameniudhi. Ni mkubwa kwangu, namheshimu, na nusu ya vijana waliokuwa wamebanana kwenye kibanda umiza kile cha Gehandu, huku Mbulu, tunakotazama mpira, ni yeye aliyewafundisha kusoma. Lakini aliyoyasema pale, kabla ya mechi ya Stars na Uganda, sijayameza mpaka leo.

Mnaijua Desemba ya huku kwetu. Watu wanarudi kutoka Arusha, Mirerani na Dar, magari ya Mbulu na Katesh yanapandisha abiria mpaka konda anakosa pa kukanyaga, na kila boma lina mgeni. Asubuhi ni shamba. Jioni ni mpira. Na Desemba ya 2025 mpira ulikuwa wa kushiba, maana Stars walikuwa Morocco kwenye AFCON, na katikati ya shamrashamra hizo Simba wakamtangaza kocha mpya, Steve Barker, Mwafrika Kusini aliyetoka Stellenbosch.

Kwa hiyo kabla ya Uganda, kesi iliyokuwa inasikilizwa kibandani ni ya Barker. Kijana mmoja wa bodaboda, Yanga wa kuzaliwa, alishatoa hukumu: "Wazee wangu, huyu hafiki Pasaka." Mpwa wangu, Simba, akajibu kwamba Stellenbosch chini ya Barker ilibeba Carling Knockout mwaka 2023, na siyo timu ya mchezo. Yule wa bodaboda akacheka mpaka akashika mbavu. "Si ndio hao mliowatoa wenyewe nusu fainali ya Shirikisho, Aprili? Sasa mnamwajiri mliyemfunga?" Hapo kibanda kizima kikalipuka. Sikatai, ilikuwa hoja nzuri, japo ukiifuata mpaka mwisho hakuna kocha ambaye angeajiriwa popote duniani.

Mzee mmoja aliyekaa kwenye kreti karibu na mlango, ambaye muda wote hakusema neno, akauliza habari za kocha mzawa aliyekuwa ameishika Simba kabla ya Barker: "Na Matola je?"

Watu wakamtazama kama ameuliza habari za marehemu.

Ndipo Mwalimu akasema, kwa ile sauti yake ya ubaoni: "Matola ni mtu mzuri. Lakini timu kubwa inataka mtu wa nje. Mzawa tumemzoea. Wachezaji wanamjua kwake, wanamjua mkewe, hawamwogopi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilibaki nimeduwaa, kwa sababu ya kitu ambacho kila mtu mle ndani alikuwa anakijua.

Mwalimu huyu ameilea timu moja ya huku kwetu kwa miaka mingi. Mipira alikuwa ananunua kwa mshahara wake, na ikipasuka anaishona mwenyewe. Vijana wakiingia kwenye mavuno yeye ndiye wa kwenda kuwaombea ruhusa kwa baba zao, boma kwa boma. Msimu mmoja timu ikafika fainali ya mashindano ya kugombea ng'ombe. Wiki ile ile kamati ikakaa, ikaona mambo yamekuwa makubwa, ikamleta mtu kutoka mjini. Akaja na traksuti na filimbi shingoni. Mwalimu akaambiwa akae pembeni "amsaidie mgeni", na kweli alimsaidia, alimtajia majina ya wachezaji mmoja mmoja kwa sababu yule bwana hakumjua hata kipa. Timu ilishinda. Ng'ombe akachinjwa, mgeni akapewa paja, akaondoka nalo kesho yake kwenye basi.

Nilipomgusia hilo Mwalimu wakati wa mapumziko, alinijibu bila kinyongo: "Sasa si tulishinda?"

Hilo jibu ndilo linalonikosesha usingizi, kwa kuwa ni gumu. Tungefungwa, ningekuwa na safu nyepesi ya kuandika.

Niseme kitu ambacho vijana wa kibandani hawakukijua, nami nilishangaa kwamba hawakijui. Marehemu Joel Bendera, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Manyara mpaka mwaka wa kifo chake, 2017, wengi wanamkumbuka kwa hotuba na ziara. Kabla ya siasa alikuwa kocha wa mpira. Ni yeye aliyekuwa na Taifa Stars mwaka 1979 walipokwenda Ndola kuwakabili Zambia, Peter Tino akafunga, ikaisha 1-1, na Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kitu kama hicho nchi hii haikukirudia mpaka 2019. Lakini fungua kumbukumbu za fainali zenyewe, Lagos, 1980. Kwenye nafasi ya kocha wa Tanzania utakuta jina la Slawomir Wolk, raia wa Poland. Stars walifungwa na Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare na Ivory Coast. Pointi moja.

Sasa ruka miaka arobaini na minne. Januari 2024, kocha wa Stars, Adel Amrouche, anafungiwa na CAF katikati ya mashindano kule Ivory Coast. Anayenyanyuka kwenye benchi kushika timu ni Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. Anatoka sare na Zambia, anatoka sare na Kongo. Novemba ya mwaka huo, kwa Mkapa, Simon Msuva anaifunga Guinea na Stars wanafuzu AFCON ya 2025. Agosti 2025 kwenye CHAN, nyumbani, anaongoza kundi bila kufungwa, anatolewa robo fainali na timu ya Morocco kwa bao moja. Halafu wanakuja Niger na Zambia, wanatufunga Zanzibar moja moja, safari ya Kombe la Dunia inaishia hapo. Novemba, wiki chache kabla ya AFCON aliyoifuzu mwenyewe, Hemed anaondolewa na timu anakabidhiwa mgeni, Miguel Gamondi.

Na Gamondi akafanya nini? Alifungwa na Nigeria 2-1, akatoka sare na Uganda, akatoka sare na Tunisia, na kwa pointi hizo mbili Tanzania ikaingia kumi na sita bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Januari 4, 2026, Rabat, ilihitaji bao moja la Brahim Díaz kututoa, tena mbele ya wenyeji. Najua mtaniambia nini. Mtasema kama Mwalimu: sasa si tulifika?

Tulifika. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka, na Gamondi ni kocha wa kweli, aliyewapiga Simba tano kwa moja Novemba 2023 akiwa na Yanga hahitaji barua ya utambulisho kutoka kwangu. Sina ugomvi na mgeni. Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Shirikisho mwaka 2023, Fadlu akaifikisha Simba fainali hiyo hiyo 2025. Waje, walipwe, waheshimiwe. Ninachokataa ni mtindo wetu wa kumwachia mzawa asonge ugali, kisha siku ya wageni tunamtafuta mtu mwingine wa kuupakua.

"Lakini mzawa hana leseni." Hilo nalisikia kila kijiwe, kuanzia Dongobesh mpaka Kariakoo. Haya, tuangalie leseni. Oktoba 2025 Simba walimleta Dimitar Pantev, Mbulgaria, kutoka Gaborone United. Wakamtambulisha kama meneja, na sababu iliyosemwa kila redio ilikuwa kanuni za leseni. Kwenye karatasi za mechi aliyehitajika kuandikwa kocha ni Selemani Matola. Yaani mzawa tunayeambiwa hana vyeti ndiye aliyekuwa anamwazima mgeni vyeti vyake! Miezi miwili baadaye, baada ya kufungwa na Petro de Luanda na Stade Malien, Pantev akafungashiwa virago. Timu akabaki nayo nani? Matola. Mpaka Barker aliposhuka uwanja wa ndege.

"Mzawa hawezi presha ya mashindano ya Afrika." Abdallah Kibadeni aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Klabu hiyo ilikaa miaka 32 bila kuona fainali nyingine ya Afrika, na katikati hapo wamepita Wazungu, Waarabu na Wabrazili ambao hata majina yao yamenitoka. Juma Mgunda alichukuliwa kutoka Coastal Union Septemba 2022, Zoran Maki akiwa ameshaondoka, akakutana na timu isiyo yake, akawatoa Nyasa Big Bullets, akaenda Luanda akawapiga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, akaipeleka Simba makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 kocha mkuu akawa Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, simu ikapigwa tena kwa Mgunda. Mtu asiyeweza presha anaitwaje kila presha inapopanda?

Watani wangu wa Jangwani, Yanga, msicheke. Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025 mmepitisha Gamondi, Ramović, Hamdi, Folz, na mkaishia kwa Pedro Gonçalves. Hamdi alikuwapo ubingwa ulipobebwa, na bado hamkubaki naye. Folz alifungwa bao moja Lilongwe na Silver Strikers, siku hiyo hiyo akawa hana kazi, na mechi ya marudiano ikasimamiwa na msaidizi wake, Patrick Mabedi, aliyeshinda 2-0 na kuwavusha. Mabedi ni Mmalawi, kwa hiyo siwezi hata kudai hili ni la Watanzania peke yao. Ni la msaidizi. Ni la yule anayebeba koni asubuhi.

Kuna hoja moja ya Mwalimu ambayo siwezi kuifukuza kirahisi: kwamba mzawa tumemzoea, hatumwogopi. Ni kweli. Mgeni akikosea tunasema bado anaisoma timu. Mzawa akikosea tunasema tulijua. Mgeni akimweka staa benchi ana msimamo, mzawa akimweka staa benchi ana chuki naye, au ametumwa na kiongozi fulani, na kesho yake shangazi wa mchezaji anajua kocha anapoishi. Lakini hiyo ni tabia yetu sisi, siyo upungufu wa kocha. Kumwadhibu kwa tabia yetu ni kumwonea mara mbili. Tena ajabu ni kwamba mgeni akifukuzwa analipwa mkataba wake na kesho yuko klabu nyingine. Kaimu akifukuzwa hafukuzwi, kwa sababu hakuwahi kuajiriwa kwenye kiti kile. Anasogea tu kiti kimoja pembeni.

Huku Mbulu tunajivunia John Stephen Akhwari, na sifa yake yote ni moja: kule Mexico, kwenye Olimpiki ya 1968, goti likiwa limefungwa bendeji, alimaliza marathoni aliyoianza, wa mwisho kabisa, giza limeshaingia. Tunawasimulia watoto hadithi hiyo kila mwaka. Hatukuwahi kusema angetafutwa Mkenya ammalizie zile kilomita za mwisho kwa sababu angewahi zaidi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nimemwona Mwalimu akicheza kwao miaka yote hii, sijaiona hiyo tuzo. Na kinachoniuma zaidi ya kamati ile ni kwamba yeye mwenyewe ameshakubali. Amekaa pembeni muda mrefu mpaka anawafundisha wengine kwamba pembeni ndiyo mahali pao. Vijana walioitikia kwa vichwa kibandani ni wale wale aliowafundisha mpira. Mmoja wao labda atakuja kuwa kocha. Ameshaambiwa na mtu anayemwamini kuliko wote kwamba akifika fainali ampishe mtu wa mjini.

Ninajua viongozi wa klabu wana mashabiki milioni wanaotaka jina jipya kwenye bango kila Julai, na kocha wa kigeni akishuka ndege na skafu shingoni habari inauza. Siwalaumu sana kwa kutaka kuuza. Ila TFF ina kozi za ukocha, CAF ina madaraja yake ya leseni, na klabu hizi zina wadhamini. Kama Matola anapungukiwa daraja lolote, apelekwe akasome kwa fedha za klabu, tena kabla ya dirisha la usajili, siyo baada ya kipigo.

Barker nampa muda, tena zaidi ya ule wa yule kijana wa bodaboda. Lakini ataondoka siku moja, kama wote, na simu ya kwanza itapigwa kwa Matola, au kwa Mgunda, au kwa mwingine wa aina yao. Safari hiyo apewe mkataba wa ukocha mkuu, wenye mshahara wa ukocha mkuu na tarehe ya kwisha iliyoandikwa, kabla hajakanyaga mazoezini. Wasipompa, asiende. Mimi ni Simba, na mechi inayofuata iwe hata ya Yanga, nitakuwa upande wake.