Ukweli Ukishasemwa

Mtu akishakwambia ukweli, kazi yake imekwisha? Usijibu haraka, mwenzangu. Mimi nilijibu haraka, nikaumbuka Katesh.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikafuata makorongo mpaka mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Baadaye rafiki yangu anayesomea jiolojia alinichukua nikamsaidie kupima. Kazi yenyewe huanzia mezani: unaweka picha ya setilaiti ya kabla ya mvua kando ya ile ya baada, unatafuta kijani kilipogeuka kahawia. Mawingu yakiziba, wapo wanaotumia rada, maana hiyo huyapenya. Lakini picha nayo hudanganya, bwana. Shamba lililolimwa jana nalo ni kahawia. Na kwenye picha zetu nukta moja ilikuwa mita 10 kwa 10. Nyumba ya chumba na sebule haijazi hata nukta hiyo. Ndiyo maana lazima ushuke, utembee kwa miguu, uguse tope.

Katika kutembea huko tukamkuta mzee mmoja akipalilia. Tope lilipita hatua chache tu toka zizi lake. Nikamwamkia, nikamfungulia ramani, nikamweleza kwamba anakaa kwenye njia ya maporomoko. Akaitazama sana.

"Kijana, hiyo karatasi yako inasema nihame. Mbona haisemi nihamie wapi?"

Rafiki yangu anasema sisi tunapima tu, kuhama ni shauri lake. Nusu ya moyo wangu inakubali. Kumficha mtu hatari, eti kwa huruma, ni kumfanya mtoto. Lakini kumpigia mtu kelele za "Moto!" hali mlango umefungwa kwa nje, huko nako ni kumsaidia? Tena nikipaka rangi nyekundu pale, nani atalinunua shamba lile? Ukweli wangu unamwacha na hatari ileile, na bei imeshuka juu yake.

Jioni nilipaka nyekundu. Nisingepaka, mvua ijayo ningelala vipi? Pembeni nikaandika kwa penseli: hapa wanaishi watu sita.

Rafiki yangu akacheka kidogo, akaniuliza nani husoma pembeni mwa ramani.