Haraka ya Nani?

Katika bandari ya Miami, meli ya kitalii hufika alfajiri, hushusha abiria asubuhi, na jioni huondoka na wengine. Vyumba hufunguliwa mchana. Hadi hapo wageni huzurura kwenye sitaha, begi mgongoni, sahani mkononi. Baadhi ya kampuni huuza ruhusa ya kuingia chumbani mapema, au walau kutua mzigo.

Wengi hulalamika kuwa huko ni kuruka foleni kwa pesa. Mimi hilo halinisumbui sana. Anayesubiri kwenye sitaha hajanyang'anywa kitu, na chakula kipo. Ninayemfikiria ni mhudumu wa vyumba, mwenye shuka za kubadilisha na vyoo vya kusugua, chumba baada ya chumba, ilhali ratiba ya meli imeshambana. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unaruhusu kazi hadi saa 14 kwa siku. (Soma tena: 14.)

Sasa, nikilipa, nimenunua nini hasa? Chumba hakijisafishi. Ama mhudumu aongeze kasi, ama afanye kazi akiruka mabegi yangu. Kampuni imeniuzia haraka ya mtu ambaye hakuulizwa. Mwenye magoti mabovu, au dawa ya kuweka kwenye friji, namwelewa; huyo hata kulipishwa hakupaswa. Lakini mimi ni mzima, na begi langu lina magurudumu. Naweza kulikokota hadi kwenye meza ya chakula.