Dhamiri na Dola: Kanisa la Uskoti Mwaka 1843

Swali la nani mwenye kauli ya mwisho ndani ya kanisa lilijibiwa kwa gharama kubwa mjini Edinburgh tarehe 18 Mei 1843, pale Mkutano Mkuu, yaani baraza la juu kabisa la kanisa la Kipresbiteri la Uskoti, ulipogawanyika. Chanzo kilikuwa haki ya uteuzi, iliyorejeshwa na Bunge mwaka 1712, ambayo kwayo mwenye ardhi aliweza kuwachagulia waumini mchungaji. Mwaka 1834 Mkutano Mkuu uliwaruhusu wakuu wa familia kumkataa mteule wasiyemridhia, lakini mahakama zilibatilisha ruhusa hiyo katika kesi ya usharika wa Auchterarder, ambako wakuu 287 kati ya 330 walikuwa wamemkataa waliyeletewa.

Hoja ya mahakama haikuwa dhaifu, kwa kuwa kanisa linalotambuliwa na kutunzwa kwa sheria haliwezi kuchagua sheria za kutii. Wapinzani walikiri kwamba majengo na mishahara viko chini ya dola, ila walishikilia kwamba kichwa cha kanisa ni Kristo peke yake, na kwamba uchungaji, ukiwa ni dhamana ya roho za watu, hauwezi kuamriwa na hakimu. Kwa hiyo David Welsh, moderata, yaani mwenyekiti wa Mkutano aliyekuwa akimaliza muda wake, alisoma hati ya pingamizi na kutoka. Wenzake wakamfuata hadi ukumbi wa Tanfield, wakaunda Kanisa Huru na kumchagua Thomas Chalmers kuliongoza. Wachungaji zaidi ya 450 waliacha nyumba na mishahara yao, wakathibitisha kwamba dhamiri hujulikana kwa kile inachokubali kupoteza.

Hata hivyo, Kanisa Huru lilipotafuta fedha za kujenga upya, lilipokea michango kutoka majimbo ya Marekani yaliyoshikilia utumwa, na lilikataa kuirudisha hata Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alipozunguka Uskoti mwaka 1846 akilisihi. Hapo ndipo fundisho la mwaka 1843 lilipodai zaidi ya walivyokusudia wenyewe: ikiwa Kristo peke yake ndiye bwana wa roho, basi kauli ileile iliyomnyima mwenye ardhi haki ya kumweka mchungaji juu ya wasiomtaka inamnyima pia mwenye shamba haki ya kummiliki binadamu.